Moto Iliwaka Rwambuzi

Bunia-Rwambuzi, tarehe 14 janvier 2025

Kwa baba mudogo Evariste, Nyankunde,

Salamu mingi kutoka kwa siye wote. Mama anakusalimu, magoti yake inaendelea vizuri kidogo. Hapa jua ni kali, vumbi inaingia mpaka ndani ya sahani, lakini tunakula na tunalala, aksanti kwa Mungu. Ngombe ziko namna gani? Na ule ndama mwenye alikanyaga simu yako, bado anatembea akijisifu? Nunua simu ingine, baba mudogo. Fabien dereva ananicheka kila mara namuletea enveloppe, anasema tunaandikiana kama wachumba.

Sasa neno yenyewe. Stéphane wako alipita hapa mbele ya Noeli. Alizunguka hanga, ile banda ya kazi ya marehemu baba, akaipima kwa miguu, mwanzo mpaka mwisho. Nilimuuliza, akajibu, "Naangalia tu." Mutu hawezi kuangalia kwa miguu! Kisha mama aliniambia: anaitaka kwa kuweka mbao na simenti yake, na familia itaamua Pasaka.

Najua weye ndiye mukubwa wa familia, na Stéphane ni mutoto uliyezaa. Nakuomba kitu moja tu: mbele ya kuamua, ujue ninafanya nini ndani ya ile hanga.

Ninatengeneza mashini ya kutembea nayo mujini, ya courant, ya umeme. Si kama zile pikipiki kubwa za watu wa taksi. Ni ndogo, haina mwendo wa wazimu, haiombe mafuta. Unamujua mama Solange, jirani yetu mwenye anauza samaki ya chumvi. Kila asubui anaenda sokoni kwa miguu, beseni juu ya kichwa, kwa sababu akipanda taksi, faida yote inabakia kwa dereva. Na hata angepata pikipiki yake, angeipanda namna gani na kikwembe imefungwa kiunoni? Basi mimi nilikata fremu katikati nikaishusha chini kabisa. Mutu anaingia tu na kuketi, bila kuinua muguu mbele ya watu. Fremu ni mabomba ya vitanda ya zamani, nachomelea mimi mwenyewe. Betri iko ndani ya sanduku yenye mukono juu. Unaitoa, unaibeba ndani ya nyumba kama bidon ya maji, unaiunga kwa panneau ya jua. Courant ya mujini, nani anaingoja?

Bado haitembei. Nakuambia ukweli. Lakini itatembea, na nitaiuza kwa bei yenye mama Solange anaweza. Hanga ikienda, sina pahali pengine.

Mutoto wako,
Séphora

Nyankunde, tarehe 2 février 2025

Mama yangu Séphora,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika, Fabien aliileta ndani ya kofia yake, ilinuka jasho na vitunguu. Siye tuko. Ngombe zinakonda kidogo kwa sababu ya jua. Mama Rébecca wangu anakohoa lakini bado anaimba katika chorale, basi usiwe na wasiwasi. Ndama ni muzima, na simu sinunue. Tangu ilikufa, hakuna mutu ananiamusha kuniomba kitu. Mwenye ananitaka, aandike. Akiona kuandika ni kazi nguvu, basi neno yake haikuwa na maana.

Kuhusu hanga, sitakudanganya. Stéphane iko na bibi na watoto, na mbao zake zinaoza kwa mvua kule Komanda. Yeye pia anaomba kitu ya haki. Familia itakaa hapa kwangu, Pasaka. Kama mbele ya siku ile baiskeli yako ya courant itakuwa imebeba mutu muzima pamoja na mizigo, kutoka Rwambuzi mpaka sokoni na kurudi, nitasimama upande wako na Stéphane atanikasirikia, basi. Kama bado, hanga ni yake.

Na nimesema baiskeli. Mama yako aliniambia kwa mudomo ya Fabien, unaiita "moto" mbele ya watu, kama pikipiki ya kweli. Hapana! Moto ni kitu yenye inatembea. Yako inasimama ndani ya hanga, inakula makuta ya mufuko yako na kuangalia ukuta. Siku itatembea, uniandikie "moto", na mimi nitaiita moto mbele ya kanisa nzima. Kwa sasa ni baiskeli mugonjwa.

Lakini hii maneno ya kikwembe! Nilimusomea mama Rébecca, akaacha hata kukohoa. Alisema, "Wanaume wanatengeneza pikipiki tangu zamani, hawajaonaka kama wanawake iko na miguu?" Anakusalimu sana. Weye uko na kichwa ya marehemu kaka yangu. Lakini yeye hakuwa na uvumilivu yako, angekwisha kutupa nyundo zamani.

Baba yako mudogo,
Evariste

Bunia-Rwambuzi, tarehe 10 mars 2025

Baba mudogo,

Salamu kwa weye na kwa mama Rébecca. Mama amemutumia dawa ya kifua ndani ya hii mufuko, aikunywe na asali. Mvua imeanza. Elodie wa jirani aliolewa, arusi ilikuwa nzuri, lakini mimi walinikataza kugusa gato, ile keki ya arusi, kwa sababu ya rangi ya mikono yangu. Nilinawa na omo, baba mudogo, nakuapia! Mafuta ya mashini haisikie omo.

Baiskeli mugonjwa (naona natii) ilitembea ndani ya kiwanja, na mimi juu yake. Nilipiga kelele mpaka kuku za jirani zikakimbia. Lakini nikiipandisha mulima, betri inapata joto sana. Ijuzi moshi ilitoka. Nilikata waya mbio. Hakuna kitu iliungua isipokuwa kipande ya plastiki, na nyusi zangu kidogo. Usiandikie mama.

Naona kosa iko wapi. Niliogopa vumbi, nikafunga zile betri ndogo-ndogo karibu sana, moja inapashia ingine joto, hewa haina njia. Kwa hiyo nimefungua sanduku yote. Naacha nafasi kati yao, naweka bati nyembamba ya kutoa joto inje, na kifuniko yenye inakataza maji. Ni kurudia kazi tangu mwanzo. Na Pasaka iko karibu. Ninaogopa, baba mudogo. Mama nikimuambia hatalala, na mama Solange ananingoja kama mutu anangoja mutoto azaliwe, nitamuambia nini? Nakuambia weye tu.

Séphora

Nyankunde, tarehe 23 mars 2025

Mama yangu,

Tuko salama, dawa ilifika, kifua ya mama Rébecca imefunguka na sasa anaimba kupita zamani. Mvua ilirudisha majani, ngombe zinacheka.

Moshi! Séphora, hanga ile nusu ni mbao, na jirani wa nyuma anauza petroli ndani ya chupa. Weka ndoo ya muchanga karibu na weye. Weka mbili. Nyusi zitaota, lakini mutu haoti tena. Nilimuota marehemu baba yako usiku ile nilisoma barua, alikuwa anazunguka hanga akiniuliza kama nimeifunga. Tangu pale sina amani.

Kuogopa si kitu. Mutu mwenye haogope hajaanza kazi bado. Endelea.

Kitu ingine. Fabien iko na mudomo ya kuvuja. Aliniambia watu wa Kampala wenye wanatengeneza pikipiki za courant walikuita kwa kazi, na ulikataa. Katika barua zako haukuniandikia hiyo. Nauliza tu, sikasirike. Ao nakasirika kidogo.

Evariste

Bunia, tarehe 6 avril 2025

Baba mudogo,

Salamu, wote wazima, sina wakati, Fabien anapiga honi hapa parking na mimi naandika juu ya goti. MOTO ILIWAKA! Leo, ndani ya hanga, baada ya ibada. Kartye nzima ya Rwambuzi ilikimbia kuja kuona, watu walipanda mpaka juu ya ukuta. Mama alilia, mama Solange alilia, mimi nilianguka chini. Kila kitu imebadilika. Ambia familia mbele ya Pasaka!

Séphora

Nyankunde, tarehe 22 avril 2025

Mama yangu, mutoto wa kaka yangu,

Pole. Pole sana. Najua hii barua inachelewa, barabara ya Bunia ilifungwa na Fabien alikwama hapa na camion yake, réseau ya simu nayo ilikufa. Nilisoma maneno yako nikiwa nasimama, kisha nikaketi juu ya bidon ya maziwa. Nilimuuliza Fabien, "Uliona?" Akasema, "Sikufika, muzee, alinitupia enveloppe kwa dirisha akilia, akakimbia, lakini niliona watu wanakimbia kuelekea Rwambuzi, hata wamama wenye kanisa zao hazijaisha." Basi nilijua. Nilikuwa nimekuambia kuhusu ile petroli ya jirani! Lakini si saa ya kukemea. Mama yako muzima, weye muzima, ni hiyo tu.

Pasta alisimamisha matangazo nikaelezea kanisa. Séphora, ningetaka uone. Watu wa hapa wengi walikimbia vijiji yao na kitambaa juu ya kichwa tu, wanajua moto ni nini. Walileta mabati, sufuria, misumari, blanketi. Muzee Nathanaël alitoa bati mbili juu ya jikoni yake mwenyewe, nilimukataza, akaniambia, "Ule binti anatengeneza kitu kwa wamama wetu, mimi nitapikia inje." Yote iko ndani ya camion ya Fabien, inakuja na hii barua.

Familia ilikaa. Stéphane alikuja kutoka Komanda. Kwa sababu hanga imeungua, hakukuwa tena kitu ya kubishania: familia iliamua kiwanja iende kwake, atasafisha majivu na kujenga depot. Usilie kwa ile.

Sasa nitakuambia kitu yenye mutu mukubwa hamuambii mutoto ili asivimbe kichwa. Nimekuheshimu. Kila barua yako nilisomea wachungaji wangu wa ngombe, mpaka wanajua betri ni nini kupita mimi. Wakati uliandika kwamba umefungua sanduku kuanza tena, nilienda kutembea peke yangu kwa sababu nilikuwa na machozi. Mutu wa familia yetu, mwanamuke, mwenye alifukuzwa kijijini akiwa mutoto mugongoni, anafikiria namna mama wa sokoni ataketi bila haya! Nani alikufundisha? Si siye. Siye tulikuambia ushone nguo.

Kwa hiyo enda Kampala. Hakuna kitu inakushika sasa. Ukubali ile kazi. Nakupa ruhusa na baraka yangu.

Baba yako mudogo,
Evariste

Bunia-Rwambuzi, tarehe 5 mai 2025

Baba mudogo,

Salamu. Siye wote tuko wazima, na HAKUNA KITU ILIUNGUA!

Yesu wangu! Niliandika moto iliwaka. MOTO. Ile mashini! Weye mwenyewe uliniamuru: siku itatembea, uandike moto. Ilitembea, nikaandika! Iliwaka, ikatoka ndani ya hanga, ikabeba mama Solange na beseni yake ya samaki mpaka sokoni, na kurudi, na betri ilikuwa baridi kama mukono yangu. Watu walikimbia kuiona. Tulilia kwa furaha. Ulifikiri nitaandika "Salamu, wote wazima" kama nyumba inaungua?

Fabien alifika na camion yake hapa, akashuka akivua kofia kama kwa kilio. Akatazama hanga. Akanitazama mimi. Akarudi kuketi ndani ya camion, akafunga mulango. Mama alianza kucheka kisha akaona ile bati ya muzee Nathanaël, iko bado na moshi ya jikoni, akaishika kwa mikono mbili. Nilisoma barua yako nikikaa katikati ya sufuria za watu. Sikulia namna ile tangu baba alikufa. Ile maneno ulisema juu yangu, siwezi kuirudisha, nimeikamata.

Lakini Stéphane naye alifika, na matofali na wajenzi. Alikuta hanga inasimama. Nilimuambia ni kosa, tukacheka wote wawili, nilifikiri imeisha. Kisha akasema, "Séphora, hata hivyo, neno ya familia ni neno." Ameweka mbao zake ndani. Moto iko inje, chini ya bâche ya plastiki, mvua inaipiga. Mama Solange anakuja kuikamata kila asubui, anaipanguza na kikwembe yake mbele ya kuiwasha. Nimekasirika, baba mudogo. Sitaficha. Stéphane sio mutu mubaya, amefanya yenye mulimuambia. Nakasirikia nyinyi.

Unaandika "familia iliamua". Familia haina mudomo. Nani aliongea wa kwanza?

Na Kampala. Ndiyo, waliniita. Kule wanatengeneza kwa watu wenye iko na barabara ya lami na courant siku zote. Hapa nani atatengenezea watu? Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaniambia "enda". Na tazama, umeniambia.

Usinijibu kwa barua. Kuja uone kwa macho yako.

Séphora

Nyankunde, tarehe 1 juin 2025

Mama yangu Séphora,

Tulifika salama kutoka kwako, Fabien hakuanguka shimoni isipokuwa mara moja. Mama Rébecca anakusalimu, na anasema hatakubali salamu ingine kutoka kwako kama haina moto ndani. Nilirudisha mabati na sufuria. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Sasa kila nikipita, hata watoto wa catéchisme wananiuliza, "Muzee, moto iliwaka?" Nitakufa na ile jina. Muzee Nathanaël alikataa kukamata bati yake, anasema uweke juu ya pahali wamama watachajia betri. Basi nilimununulia zingine, anune ao asinune.

Kule Bunia niliikimbia hii neno, naandika sasa. Uliuliza nani aliongea wa kwanza. Ni mimi. Stéphane hakuomba kitu siku ile, alikuwa anakulilia. Mimi ndiye nilisema kiwanja iende kwake. Nilifikiri ukiona majivu kila asubui utavunjika, na nilitaka mulango ya Bunia ifungwe ili utoke, uende pahali penye watajua thamani yako. Nilifanya vile kwa kukupenda, na nilikufukuza. Nisamehe.

Kwa hiyo nilikaa na Stéphane pale nyuma ya mbao zake, weye ulifikiri tunaongea juu ya ngombe. Nilimupa kiwanja yangu ya Iga Barrière, ile ya kando ya barabara, penye nyumba yetu ilikuwa mbele ya kukimbia vita. Wenye wamerudi kule wanajenga na wanatafuta mbao. Ni pazuri kwa biashara yake kupita Rwambuzi. Alikataa, aliniambia, "Baba, ile ni ya kurudia kwako." Nilimuambia nimezeeka na ngombe zangu zimezoea majani ya huku. Alishika kichwa. Wiki hii atatoa mbao. Karatasi ya hanga nimeandikisha kwa jina yako, si kwa jina ya marehemu tena, na hakuna mukutano ya familia itaigusa. Usiniandikie aksanti kwa ile, nitakasirika.

Mama Rébecca alilia kidogo juu ya Iga. Mimi pia. Imepita.

Sasa kitu yenye nilitaka kukuambia tangu tulitoka Bunia. Ile asubui uliniambia nipande nyuma, nilikataa kwa sababu watu watasema nini, muzee mwenye ngombe anabebwa na binti. Ukaniambia, "Panda, baba mudogo, mama Solange anangoja moto yake." Nilipanda. Nilikamata kiti na mikono mbili na nikaanza kuomba. Kisha tukafika kwenye mupando, nikangoja ikatae. Haikukataa. Haikupiga kelele hata, nilisikia watu wanaongea kando ya barabara, nilisikia mutu anasaga unga. Nilishusha mukono nikagusa sanduku ya betri, ilikuwa baridi.

Pale sokoni wamama walisimama. Mumoja mwenye mimba alikuuliza kama na yeye anaweza; ukashuka, ukamuketisha, ukamuonyesha freni ya kusimamisha bila haraka, kama vile hatuna pahali pa kuenda. Wote walikuita kwa jina. Séphora huku, Séphora kule. Mimi Bunia wananijua tangu zamani, nilizoea nikipita watu wanasema, "Muzee Evariste ule." Siku ile hakuna mutu aliuliza mimi ni nani. Nilikuwa tu ule muzee mwenye Séphora amebeba.

Ningetaka soko iwe mbali zaidi.

Baba yako mudogo,
Evariste